Kumfanya Aende, Kumwacha Aende

Mjukuu wangu alizaliwa Johannesburg, na hadi alipoanza shule sikuwa nimewahi kuzungumza naye tukaelewana. Binti yangu alikuwa akinipigia simu Jumapili mchana, siku ambayo saluni anakosuka nywele hufungwa mapema. Tulipeana habari za afya, za mvua, za majirani, kisha angesema, "Mama, salimia mutoto." Nilisikia simu ikihama mkono, halafu pumzi ndogo ikanikaribia sikioni.

"Jambo, mama," nilimwambia, kama tunavyowaita watoto wa kike kwetu.

"Hello, Granny."

Basi, imekwisha. Yeye anangoja, mimi nangoja. Nilisikia televisheni ya kwao, wakati mwingine honi ya gari barabarani, nami nimeishika simu kwa mikono miwili utadhani itaanguka. Mwishowe binti yangu aliichukua na kusema mtoto ana haya. Lakini mtoto hakuwa na haya. Hakuwa na lugha yangu, wala mimi sikuwa na yake.

Niliwahi kumwuliza binti yangu kwa nini hakumfundisha Kiswahili.

"Mama, huku bakikusikia mu bisi unasema Kiswahili, banajua uko mugeni," alinijibu. "Mi sitaki mutoto bamuangalie vile."

Sikumwuliza tena.

Naishi Kolwezi, mji wa migodi, si mbali na mtaa wa Kasulo, katika nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu miaka ile lori lake lilipokuwa halipumziki. Alikuwa akipeleka chumvi, sabuni na vitenge Kasaji, na kurudi na mahindi na mihogo mikavu. Familia zetu zote mbili asili yao ni Kasongo, watu wa biashara na barabara. Figo zilimwua pole pole. Haukupita muda mrefu, binti yetu akamfuata mumewe Afrika Kusini. Tangu hapo nimekuwa peke yangu. Majirani tuliozoeana nao walichimba madini ya kobalti ndani ya viwanja vyao, wakauza walichopata, wakahama. Waliokuja baada yao wamejizungushia kuta ndefu na sijui hata sura zao. Ninashona barazani. Kipindi cha kuelekea Idi wanawake hujaa pale na vitambaa vyao na maneno yao. Siku nyingine mteja anachukua sketi yake, anaaga, na kutoka adhuhuri mpaka magharibi sisikii sauti ya mtu, hata yangu.

Mmoja wa wateja hao ndiye aliyenieleza kwamba kuna darasa la Kiingereza, alasiri, katika shule moja ya msingi, watoto wakishaondoka. Nilikwenda. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yetu yaligonga mbao. Wengi wa wenzangu walikuwa walinzi, madereva na wafagiaji waliotaka kazi kwa wageni wa migodi. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo aliyekulia Zambia, mpole, mashati yake yamepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Siku ya kwanza alimwuliza kila mmoja sababu yake ya kujifunza. Watu walisema kazi, kazi, kazi. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mi nataka kusema na mujukuu wangu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa na kuniambia nikae mbele, nisikie vizuri.

Tulipita salamu, tukapita wakati uliopo na uliopita. Kisha, siku moja ya mvua iliyopiga bati mpaka akalazimika kupaza sauti, mwalimu aliandika ubaoni maneno manne: make, have, get, let. Akatugeukia.

"Shiye mu Kiswahili tuna bahati," alisema. "Tunaongeza tu mukia. Kula, kulisha. Kulala, kulaza. Kucheka, kuchekesha. Muzungu hana ule mukia. Yeye anatafuta neno ingine, analiweka mbele. Na kabla ya kulichagua anajiuliza: ule mutu ulimulazimisha? Ulimupa kazi aifanye? Ulimubembeleza mpaka akakubali? Ao haukumukataza tu?"

Ndivyo nilivyoelewa. Ukimlazimisha mtu, unasema make. Ukimpa kazi ambayo ni yake kuifanya, kama fundi au dereva, unasema have. Ukimbembeleza, get. Ukimwachia njia apite, let. Na kitenzi kinachofuata hukiachi na nguo yoyote. Kinabaki uchi, isipokuwa baada ya get, hapo lazima utie to. Tulikosea sana hapo. Mlinzi mmoja mnene aliendelea kusema "I made him to go" hadi mwalimu akawa anafunga macho kila anapomwona akifungua mdomo.

Kilichonisumbua mimi hakikuwa to. Mwalimu alituambia tukaandike nyumbani sentensi kuhusu watu tunaoishi nao: nani anamfanya nani afanye nini, nani anamruhusu nani. Nilikaa mezani na taa yangu ya sola, wali umepoa kwenye sahani. Hapo ndipo nilipoona kwamba vitenzi hivi vinataka watu wawili. Ukisema unakula, unalala, unashona, mtu mmoja anatosha. Lakini kulisha kunahitaji mdomo mwingine. Kuamsha kunataka aliyelala. Niliangalia ukuta, nikaangalia kiti cha pili. Nikaandika kuhusu mume wangu, na nikamwandika kama mtu aliyeko. My husband makes me laugh. My husband lets the tea get cold. Nilijisikia vizuri kuandika. Alikuwa hivyo kweli, chai yake ilipoa siku zote kwa sababu ya hadithi za barabarani.

Kesho yake mwalimu alinisimamisha nisome. Nilisoma ile ya kwanza.

"Muzuri sana, mama," alisema. "Sasa utupeleke bote mu wakati uliopita. Kila mutu atasema nyuma yako."

Hakujua. Hakuna mtu pale aliyejua. Nilisimama nimelishika dawati. Neno lenyewe nililijua, tulikuwa tumelifundishwa wiki iliyotangulia.

"My husband made me laugh," nilisema.

"My husband made me laugh," darasa zima likaitikia, walinzi, madereva, wafagiaji, kwa sauti kubwa ya watu wanaofurahia kupatia. Mwalimu alipiga makofi kidogo akawataka warudie, na tena wakasema. Niliketi. Niliangalia ubao mpaka saa ya kwenda ikafika, na sikuona kilichoandikwa.

Nje, mvua ilikuwa imekatika na njia ni matope mekundu. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma yangu darasani alinifuata. Alikuwa mchimbaji, mtu mzima, anatoka Kasai, vidole vyake vimekauka kwa vumbi la mawe. Hatukuwa tumewahi kusemezana.

"Mama," alisema, "bwana yako alikufa?"

"Umejuaje?"

"Nilikuona vile uliketi."

Nilimwambia ndiyo. Akasema pole. Tulitembea pamoja hadi njia zilipoachana. Kwa kuwa mwalimu alikuwa ametuagiza kila mmoja atafute mtu wa kufanya naye mazoezi, aliniuliza kama angeweza kupita barazani kwangu siku asizoshuka shimoni. Nilikubali.

Basi akawa anakuja. Mimi nashona, yeye anakaa kwenye benchi la wateja, tunatunga sentensi. Mke wake na watoto walikuwa Kasai na hakuwa amewaona tangu mdogo wao anatambaa. Alitaka Kiingereza ili apate kazi ya juu ya ardhi, hata ya kufungua lango. Alikuwa akitunga sentensi za shimoni kwa sababu ndiyo maisha aliyoyajua, na hapo tulikwama.

"Balitushusha," alisema siku moja. "Sasa niweke gani? They made us go down? Ao they let us go down?"

"Bo balikulazimisha?"

Alifikiri. "Hapana. Hakuna mutu alinishika mukono."

"Basi balikuruhusu."

"Hapana vile, mama. Ukisema balituruhusu, ni kama shiye tulikuwa tunapenda." Alisugua viganja vyake. "Mi siyue. Labda tuseme njaa. Mwalimu alisema hata kintu kinaweza kufanya mutu afanye."

Akasema polepole, kila neno peke yake: "Hunger made us go down." Nikamwambia imenyooka. Hakuonekana kufurahi kwamba imenyooka.

Siku nyingine tulikuwa na sentensi za have, zile za kazi uliyofanyiwa na mtu. She had a dress made. Mwalimu alisema maana yake ni kwamba alishonesha gauni. Nilisimamisha mashine. Nilimwonyesha yule mchimbaji kwa kidole: huyu hapa mwanamke, hili hapa gauni, fundi yuko wapi? Hayumo. Hakuna mahali pake, na sentensi imekamilika, mwalimu ameipa alama nzuri. Yule bwana alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Na mi vile vile," alisema. "The boss had a hole dug. Shimo liko, patron yuko. Mi niko wapi?"

Tulicheka sana, mpaka mwanamke aliyepita njiani akatuangalia. Nyumba yangu haikuwa imesikia kicheko cha watu wawili kwa muda mrefu. Alipoondoka nilirudi kwenye mashine, lakini mshono ulikwenda kombo nikaufumua.

Baadaye alikuja kuniaga. Alikuwa amepata habari kwamba mkewe ni mgonjwa. Angepanda lori mpaka Lubudi, angojee treni huko, aendelee kuelekea kwao. Nilimwambia asubiri mpaka alasiri. Nilikuwa na kipande cha kitenge cha njano, nikamwuliza yule binti yake mdogo ana urefu gani. Aliweka kiganja hewani karibu na goti lake. Kisha akakiangalia kile kiganja, akakipandisha kidogo, akakipandisha tena, na mwisho akaniambia, "Mama, siyue." Nilishona gauni kubwa lenye pindo refu la kufumuliwa. Alilikunja akalitia ndani ya shati, juu ya tumbo, akaenda. Namba yake ililia mara chache wiki zilizofuata, kisha ikawa haipatikani. Mpaka leo sijui kama alifika.

Darasani nilipewa mtu mwingine wa kufanya naye mazoezi, yule mlinzi mnene. Alikuwa mwema, lakini alikuwa na haraka.

Ilikuwa Jumapili, nimetoka kuanua nguo, simu ikalia. Nilidhani ni binti yangu. Ilikuwa sauti ya mtoto moja kwa moja.

"Granny," alisema, kisha akasema maneno mengi, mengine yakanipita. Nilimwomba arudie pole pole. Akarudia, na safari hii nikalisikia swali lote kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa.

"Did you make Mummy go away?"

Alikuwa akiniuliza kama nilimlazimisha mama yake aondoke. Make, lile la nguvu. Niliketi juu ya nguo nilizozianua.

Inanibidi nieleze ilivyokuwa. Mume wa binti yangu alipomwita amfuate, baba yake tulikuwa tumemzika karibuni tu. Alikuja kunieleza nikiwa jikoni. Nilitamani kumwambia abaki. Lakini nilimwona amesimama pale, kijana, ana mumewe anayemngoja, na mimi nina nini cha kumpa zaidi ya nyumba yenye msiba? Nikamwambia, "Enda, mama." Alipojaribu kufunga mifuko mikono ilimtetemeka, basi nikafunga mimi. Miaka yote hiyo, watu wakiniuliza, nilisema nilimwacha aende. Na neno letu hilo, kuacha, linabeba mambo mengi: kumwachia mtu njia, kumtupa, kumaliza naye. Sikuwahi kuwaza kwamba msikilizaji anaweza kuchukua maana isiyo yangu.

"No," nilimwambia mtoto. "I did not make her go. I let her go."

Akaongeza swali.

"Did you want her to go?"

"No."

"Then why did you let her?"

Hapo Kiingereza changu kiliisha. Nilikuwa na sababu, ilinijaa kifua kizima, na sikuwa na maneno yake. Nilitafuta, nikapata haya tu: "Because I love her." Sauti yangu ilipasuka nikaziba simu kwa kiganja ili asisikie.

Nilipokitoa kiganja, binti yangu alikuwa amekwisha kuichukua simu kwa mtoto.

"Mama, umemwambia nini? Analia."

"Ameniuliza kama nilikufukuza. Nimemwambia hapana. Nilikuruhusu tu."

Nilimsikia akivuta kiti akaketi.

"Mi niliwaza ulitaka niende," alisema. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya msichana wa nyumba hii. "Ulinifungia mifuko weye mwenyewe, mama. Haukulia hata. Nikajisemea, mama amechoka na mimi, ananiona naleta mawazo ya baba. Njo maana sirudi. Nitarudi kufanya nini?"

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka," nilisema. "Njo maana nilifunga."

"Kwa nini haukusema nibaki?"

"Ungebaki."

Tulilia wote wawili, kila mmoja nchi yake, na nyuma yake nilimsikia mtoto akiuliza kwa Kiingereza kuna nini.

Walikuja wakati wa likizo ya Desemba. Basi la kupitia Zambia, mpaka wa Kasumbalesa, Lubumbashi, kisha barabara ya huku. Mtoto alishuka akisinzia wima, mrefu kuliko nilivyomwota, ana macho ya babu yake. Siku ya kwanza alinichunguza tu. Siku ya pili aliisogelea mashine.

"Granny, let me do it," alisema, na nikamwelewa kabla hajamaliza. Nilimwachia kiti. Aliukanyaga ule ubao wa miguu mpaka uzi ukakatika.

Nilimfundisha kutia uzi, naye akanisahihisha Kiingereza changu bila huruma, mikono kiunoni. Nami nikampa mkia wetu mdogo wa kitenzi, ule mwalimu aliousifu. Aliupenda kupita kiasi. Aliutia mahali pote, panapofaa na pasipofaa. "Granny, nichekeshe." "Granny, nilishe." Akitaka nimfungulie mlango alisema "nitokeshe", na tukifika uani, "nikimbishe", maana yake nimkimbize tucheze. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, anasuka nywele za mteja wangu mmoja huku akisikiliza. Jioni tulipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, tukala kwenye sinia moja, na baada ya kula binti yangu aliegemeza kichwa begani kwangu akakaa hivyo mpaka umeme ukakatika na baada ya hapo pia.

Sikumwomba abaki. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, safari hii, kwamba ninatamani abaki, na nilimwambia, siku moja tukitwanga pilipili. Alisema, "Nimesikia, mama. Nafurahi umeisema." Lakini mtoto ana shule, mume ana kazi, saluni inangoja. Nilijua.

Siku ya kuondoka tulifika mapema kwenye ofisi ya mabasi. Kulikuwa na magunia ya mkaa, magodoro yamefungwa kamba, vijana wa migodi wamekaa juu ya mabegi yao. Mtoto alinikumbatia kiunoni akaninong'oneza jambo kwa Kiingereza cha haraka sana, na sikulipata. Sikumwomba arudie. Basi lilipiga honi, likageuka polepole kati ya pikipiki, likaingia barabara ya lami.

Karibu yangu alisimama mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni si wake, naona ni mjukuu, anapunga mkono ingawa hakuna dirisha lililobaki la kupungia.

"Weye, nani wako anaenda?" aliniuliza.

"Mutoto wangu na mujukuu. Na weye?"

"Bwana yangu. Anaenda kutafuta kazi ku Lusaka."

"Mungu amusaidie."

"Aksanti, mama."

Tulibaki pale kidogo, bega kwa bega, vumbi likitulia. Mfagiaji alipita akatuomba tusogee, tukasogea. Kisha yeye akamwita mwenye pikipiki wake, mimi wangu, tukaagana, kila mmoja akaelekea upande wake wa mji.